Oksijeni iko juu saa nne, perege wanakufa alfajiri: mita mbovu?

Bint Micheweni
Assalaam aleikum. Tunafuatilia bwawa la maji baridi hapa Pemba, kina chake kama mita 2, limezungukwa na mabonde ya mpunga. Maji yamekuwa kijani. Mita ya oksijeni inasoma mg 11 kwa lita kila tunapopima saa nne asubuhi, joto nyuzi 29. Lakini alfajiri perege wako juu wameachama midomo, wengine washakufa. Kambare wazima. Mita imeharibika? Tupime na nini kingine?

Maji ya Pepo
Waaleikum salaam. Mita huenda ni nzima, saa ndiyo inayokupotosha. Kwa nyuzi 29, maji yaliyoshiba hewa hubeba kama mg 7.7 tu. Hiyo ziada inatengenezwa na mwani, vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani, ukipata jua. Usiku mwani huohuo, samaki na matope vyote vinavuta oksijeni, na hakuna kinachoirudisha isipokuwa upepo. Kiwango cha chini kabisa hufika kunapokaribia kucha. Kambare kubaki hai ni dalili nzito: anaweza kupanda juu akavuta hewa, perege hana kiungo cha kuvutia hewa.

Pimeni mchana na usiku mzima, kila baada ya saa 3, na saa 11 alfajiri isiwapite. Kila mara pimeni mahala pawili: sentimita 30 chini ya uso, na nusu mita juu ya matope. Andikeni saa, mawingu na upepo. Kusi ikivuma, bwawa la mita 2 hukorogeka lote. Siku shwari maji ya moto hulala juu, chini kukakosa hewa.

Fundi Maabara
Hata hivyo mita ihakikishwe. Kagua utando wa kihisio: kiputo kidogo tu ndani yake kinaharibu usomaji. Kisha linganisha na njia ya Winkler, yaani kupima oksijeni kwa dawa ndani ya chupa. Chukua chupa ya ml 300, peleka mrija wa mpira hadi ndani kabisa kwenye kitako cha chupa, acha maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, pasibaki kiputo. Tia ml 1 ya salfeti ya manganizi, kisha ml 1 ya mchanganyiko wa alkali na iodidi, ncha ya pipeti ikiwa ndani ya maji. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo. Yakiwa meupe, hamna kitu. Hatua hii ifanyike hapo hapo ufukweni. Ukibeba chupa bila dawa mpaka maabara, mwani unaendelea kufanya kazi njiani na jibu si la bwawa tena. Baadaye tia asidi, kisha chukua ml 200, tia wanga, dondoshea thayosalfeti ya nguvu 0.025 N hadi buluu ya wanga ipotee: kila ml 1 ya thayosalfeti ni mg 1 ya oksijeni kwa lita.

Bint Micheweni
Shukran sana. Na mbolea ya mashambani tutaijuaje?

Maji ya Pepo
Pimeni virutubisho vya mbolea, yaani naitreti, fosfeti na amonia, kwenye mfereji unaoingia na katikati ya bwawa, kabla ya masika na baada ya mvua kubwa ya mwanzo. Chuja kwa kichujio cha maikroni 0.45 papo hapo, weka kwenye barafu. Chupa zisioshwe kwa sabuni, nyingi zina fosfeti. Suuza kwa asidi hidrokloriki ya asilimia 10, kisha maji yaliyotoneshwa. Pima pH (kipimo cha asidi na alkali) alasiri pia: ikipita 9, sehemu kubwa ya amonia inageuka ile inayodhuru samaki.

Kiangazi
Jamani, msiingie majini miguu mitupu. Konokono wa Bulinus wanaoeneza kichocho Unguja na Pemba wanakaa kwenye maji kama hayo, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Vaeni buti ndefu na glavu za mpira, au chukueni sampuli mkiwa ndani ya mtumbwi. Mtumbwi utawafaa na kwa sahani ya kupimia uangavu: upana sentimita 20, nyeusi na nyeupe, ishusheni upande wa kivuli mpaka ipotee, ipandisheni mpaka ionekane, mchukue wastani. Msiitupe nanga karibu, matope yakitibuka subirini yatulie.