Safari ya kwanza ya meli ya kitalii tukitokea Kisumu: Durban, Barcelona au Mto Nile?

Jicho_la_Dunga (mwanzilishi wa uzi)

Wadau hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaozifahamu meli za kitalii. Mimi na mke wangu tuko Kisumu, na tunataka kuadhimisha miaka 10 ya ndoa mwakani, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Bajeti ni shilingi 450,000 kwa sote wawili, nauli ya ndege ikiwemo. Chombo kikubwa tulichowahi kupanda ni feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, basi.

Nimeona matangazo ya aina tatu: usiku 4 kutoka Durban hadi kisiwani Msumbiji, usiku 7 kutoka Barcelona, na meli za Mto Nile kule Misri. Mke wangu naye ameziona zile meli za muziki, wanamuziki wenyewe wamo ndani na watu wanacheza hadi alfajiri, na sasa hataki kusikia lingine. Kwa anayeanza, ipi inafaa? Na bei ya tangazo ndiyo hiyo hiyo utakayolipa? Pasipoti yangu inaisha Agosti mwakani, ya mke wangu ina miaka sita bado.

---

Mwanasitaha

Ndugu, kabla ya meli, pasipoti. Hesabu kutoka siku ya kushuka melini: Machi hadi Agosti haifiki miezi sita. Afrika Kusini wenyewe hudai pasipoti iwe hai siku 30 tu baada ya kuondoka kwao, na kurasa mbili tupu. Lakini kampuni ya meli ina masharti yake, na nyingi zinataka miezi sita. Karani wa gatini hatabishana nawe, atakuonyesha masharti uliyoyakubali ulipolipia, na hela hairudi. Omba mpya sasa kwa eCitizen, ofisi ya uhamiaji iko hapo hapo Kisumu. Usilipie tiketi yoyote kwa nambari ya pasipoti ya zamani.

Sasa viza, maana kwa pasipoti yetu viza ndiyo inayochagua meli.

Durban: tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, siku 90 kwa mwaka. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Meli ikienda Msumbiji na kurudi, wewe umetoka Afrika Kusini na kuingia tena. Kwa viza ya kuingia mara moja ungekwama, lakini kwa kuwa huhitaji viza, unagongwa mhuri tu na kuendelea.

Barcelona: unahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi ukinyimwa, juu yake kuna gharama za kituo cha kupokea maombi Nairobi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Mtego ambao wengi hawauoni ni huu: ratiba ikipitia bandari iliyo nje ya Schengen, mfano Tunis, Kotor ya Montenegro au Kuşadası ya Uturuki, basi viza lazima iwe ya kuingia mara nyingi, na pia uangalie masharti ya nchi hiyo yenyewe. Mwenye viza ya mara moja hukataliwa kupanda tangu bandari ya kwanza, hata kama hana nia ya kushuka huko.

Misri: omba viza mapema, usisubiri uwanja wa ndege.

Kwa Durban msisahau kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na ukishachanjwa ni ya maisha. Mkichanjwa wiki moja kabla ya safari mmechelewa.

---

Hesabu_Kwanza

Mimi niseme bei. Tangazo likisema "kuanzia dola 300", hiyo ni ya mtu mmoja, katika chumba cha watu wawili, cha ndani kisicho na dirisha, na tarehe isiyopendwa. Angalia kama kodi na ada za bandari zimo, kwa sababu kuna wanaoziandika kando.

Tuchukue mfano tu wa hiyo dola 300. Wawili ni 600. Ada ya huduma, yaani ile ya wahudumu, kwa kampuni kubwa nyingi huwa kati ya dola 12 na 20 kwa mtu kwa usiku. Tukate 15: watu 2, usiku 4, ni dola 120. Jumla 720, na kwa dola ya shilingi 130 hivi ni 93,600 kabla hujanunua soda hata moja. Chakula cha ukumbi mkuu na cha kujihudumia kimo kwenye nauli. Soda, pombe, kahawa nzuri, intaneti, mikahawa maalumu na matembezi ya bandarini havimo. Kifurushi cha vinywaji mara nyingi kina sharti kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Kama mmoja hanywi, pigeni hesabu upya.

Kinachokula pesa ni ndege. Kisumu, Nairobi, Johannesburg, Durban, na kurudi, mara mbili. Tafuteni tiketi moja yenye miunganiko yote. Ukinunua vipande vipande na cha kwanza kikachelewa, cha pili hakikujui. Tena soma tiketi ya Kisumu vizuri: kuna ndege zinazotua Wilson, si JKIA, na kati ya hizo mbili kuna jamu ya Nairobi. Fikeni Durban siku moja kabla ya meli, mlale hapo. Uwanja wa King Shaka uko kama kilomita 35 kutoka mjini.

Jambo la kadi. Melini hulipi kwa noti, unafungua akaunti ya chumba na kuiunganisha na kadi ya benki. Kadi ya kwenye simu, kama ile ya GlobalPay ya M-Pesa, inafaa kununua mtandaoni, lakini gatini nenda na kadi ya plastiki yenye jina lako. Ikiwa ni ya debiti, meli huzuia kiasi fulani kama dhamana, na benki inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kukiachia. Usiitegemee kadi hiyo hiyo kwa hoteli ya kurudia. Wengi hukubali pia kuweka taslimu kwenye dawati la mapokezi, na hiyo ndiyo njia safi ya kujifunga mkono.

---

Tezi_na_Omo (Nakuru)

Niwapinge kidogo wanaosukuma Durban. Usiku 4 ni meli tu, bandari hamna. Kisiwa chenyewe mnachopelekwa, Kisiwa cha Wareno, kiko kwenye ghuba ya Maputo, kidogo, mchanga na kivuli. Hakina gati. Meli inatia nanga nje, watu wanashushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka kidogo tu boti hazishushwi. Februari na Machi ndio msimu wa vimbunga upande ule. Nahodha akifuta bandari hana deni kwako, utarudishiwa ada ya bandari ile kama ilikuwemo, nauli hapana. Nenda ukijua hilo.

Kama lengo ni kuona, Nile. Luxor hadi Aswan, usiku 3 au 4, na hakuna wimbi la kumtisha mtu wa ziwa. Njiani mnapita lango la maji la Esna, meli inapandishwa kama lifti. Mnashuka Edfu kwenye hekalu la Horus, kisha Kom Ombo, hekalu lenye pande mbili, moja la Sobek mungu mamba, na pembeni kuna jumba lenye mamba waliokaushwa. Hali ya hewa ya Februari ni ya kupendeza, Julai ungeungua. Mkifika Aswan kuna Philae kwa boti. Abu Simbel ni kama kilomita 280 kusini zaidi, watu huondoka kabla ya alfajiri.

Kasoro yake: meli za Nile hufungwa ubavu kwa ubavu gatini, tatu nne. Umelipia dirisha la mto, unafungua pazia unamtazama jirani akipiga mswaki. Na ili ufike nchi kavu unakatiza mapokezi ya meli za wenzako. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya mandhari, lipa kwa ajili ya mwongoza watalii mzuri. Uliza kama tiketi za mahekalu zimo kwenye bei. Hapo ndipo mawakala hutofautiana.

---

Mwanasitaha

@Tezi_na_Omo kuhusu boti uko sahihi. Ila yeye anaadhimisha ndoa, hasomi historia. Meli yenyewe ndiyo safari.

---

Ngoma_na_Maji

Kuhusu meli za muziki, dada asidanganywe na video. Ziko za namna mbili. Ya kwanza, meli nzima imekodiwa: kila ukumbi, kila sitaha, mada ni moja. Mfano ni 70000 Tons of Metal, inayoondokea Florida tangu 2011, bendi za metali tupu. The Jazz Cruise nayo ni ya aina hiyo. Hizi haziuzwi na kampuni ya meli bali na waandaaji, bei huwa juu ya safari ya kawaida ya meli ile ile, na masharti ya kughairi ni ya mwandaaji. Ya pili ni kikundi ndani ya meli ya kawaida: watu mia mbili tatu wa injili, dansi au ufumaji, wamepewa ukumbi wao saa fulani. Hapo kosa la kawaida ni kununua chumba moja kwa moja kwa kampuni ya meli kwa kuwa ni rahisi zaidi. Utapanda meli sahihi, siku sahihi, na mlangoni utaambiwa haumo kwenye kikundi.

Zinazoondokea Florida zinadai viza ya Marekani, ada ya maombi dola 185 kwa kila mmoja kuanzia, na foleni ya mahojiano. Kwa Februari na kwa 450,000, sahau. Meli za kawaida zina bendi na disko kila usiku, na kuna usiku wa mavazi meupe na usiku wa kuvaa rasmi. Mwambie abebe gauni moja jeupe. Rumba ya kina Franco mtaibeba wenyewe kwenye simu.

---

Jicho_la_Dunga

Asanteni sana. Mama ameinamisha kichwa kuhusu viza ya Marekani, tunaelekea Durban. Sasa ya ndani: chumba kipi, kigegezi, na mizigo. Na simu?

---

Mwanasitaha

Chumba: katikati ya meli, sitaha ya chini. Meli inacheza kama ubao wa pembea, tezi (nyuma) na omo (mbele) zinapanda na kushuka, katikati inatulia. Angalia ramani ya sitaha kabla ya kulipa: juu yako na chini yako pawe na vyumba vya kulala, si jiko, si disko, si bwawa la kuogelea, maana viti huburutwa saa kumi na moja asubuhi. Kile cha bei rahisi ambacho kampuni inakuchagulia chumba, kwa wenye kigegezi si rahisi tena. Chumba cha ndani ni giza totoro, beba tochi ndogo.

Bahari ya Durban ina ukali wake. Mkondo wa Agulhas unateremka kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kinyume chake mawimbi yanasimama wima na kukaribiana. Dawa kama cinnarizine humezwa masaa mawili kabla ya kung'oa nanga. Ukisubiri tumbo ligeuke, umeshachelewa. Muulizeni mfamasia hasa kama kuna ujauzito au dawa nyingine. Tangawizi inasaidia, kukaa nje ukitazama upeo wa bahari kunasaidia zaidi. Kulala chumbani na simu usoni ndiko kunakomaliza watu.

Mizigo mikubwa inachukuliwa gatini ikiwa na lebo ya namba ya chumba, na huenda isifike mlangoni hadi jioni. Kwa hiyo pasipoti, kadi ya njano, dawa, chaja na nguo za kuogelea viwe kwenye begi la mkononi. Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yakusanywe. Acha suruali ya kesho. Kila safari kuna mtu anayeshuka na pajama.

Pasi ya nguo, kikaangio, koili ya kuchemshia maji na mishumaa hunyang'anywa. Moto ndio adui mkubwa wa meli.

---

Hesabu_Kwanza

Simu: hali ya ndege kabla meli haijatoka bandarini, usiitoe. Katikati ya bahari simu hushika mtandao wa meli wenyewe, ule wa setilaiti, na bando lako la nje haliuhusu. Dakika chache za data zinazojisasisha zenyewe zinaweza kumaliza salio lote. WhatsApp nunua kifurushi cha meli, kidogo kabisa.

---

Tezi_na_Omo (Nakuru)

Na zoezi la usalama msilikwepe. Linafanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, sheria tangu 2015. Costa Concordia ilipopasuka pale Giglio, Januari 2012, wakafa watu 32, waliopandia Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Herufi ya kituo chenu cha kukusanyikia imeandikwa kwenye kadi ya chumba. Tembeeni hadi hapo kwa miguu, kwa ngazi, si lifti.

Mkishuka kisiwani, saa ni ya meli, si ya simu. Durban iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Boti ya mwisho ikiondoka imeondoka.

---

Jicho_la_Dunga

Nimeanza ombi la pasipoti leo. Swali la mwisho: soketi za melini zinaingia plagi zetu za Kenya?

---

Ngoma_na_Maji

Mara nyingi hapana. Melini ni za Ulaya, mashimo mawili ya duara, na za Marekani, bapa mbili. Hoteli ya Durban inaweza kuwa na zile zao za Afrika Kusini, pini tatu nene za duara. Beba adapta mbili tofauti na chaja yenye matundu kadhaa ya USB. Waya wa kuongezea soketi acha nyumbani, huo nao hunyang'anywa.