My Hero Academia kitabu ya 11: ni ngumi tu ao kuko kintu ingine ndani?

yaya_wa_Katuba

Jambo yenu bote. Mi siko mutu wa manga, bile bitabu ya picha ya Wajapani, nilikomeaka ku babede ya zamani tu. Leki yangu, mudogo wangu, eko na miaka 14, kuko mutu alimuletea My Hero Academia toka Brussels, kitabu ya 11 peke yake, hana ya 10 hana ya 12, na anaisoma, akimaliza anaanza tena. Juzi moto ilikatika usiku, nikaikamata na miye nione na tochi ya telefone. Sasa munieleweshe juu mi nilipotea. Nusu ya kitabu ni babaume wawili banapigana mu muji yenye imebomoka, ngumi, moshi, mutu anaruka, nyumba inaanguka, tena ngumi. Kisha nusu ingine bantu beko banaongea tu mu banyumba. Na kuko paje moja yenye shujaa ananyoosha kidole, petit akifika pale machozi inamutoka. Kidole tu! Mama ye anasema bile bitabu binafundisha batoto kupigana, anataka nimunyanganye. Mbele nifanye vile nataka bale banajua banielezee utamu yake iko wapi.

Kamalondo_Boy

Yaya, weye uliingia mu stade dakika ya 80 halafu unauliza juu ya nini bantu beko banalia 😂

Sikia. Mu ile dunia karibu 80% ya bantu banazaliwaka na nguvu fulani, mu kitabu ya Kifaransa banaita Alter. Midoriya, ule mutoto wa nywele ya kijani, ye alizaliwa bila kintu. All Might, shujaa mukubwa kupita bote, njo alimupatia yake, inaitwa One For All, inatokaka ku mutu inaenda ku mwingine, na mutu akisha kuipana hairudi. Kwake All Might kunabakia tu kama makaa yenye iko inazimika. Kila ngumi unaona mu kitabu ya 11 anapiga na ile mabaki, na haitaongezeka hata kidogo. Njo maana mi nikisoma ile vita sihesabu nani anapigwa, nahesabu makaa.

Tena ule mwili wake mukubwa wa misuli si mwili wake wa sasa. All For One, ule adui, alimuumizaka vibaya sana zamani, tangu pale mwili yake kabisa ni mifupa na ngozi, macho imeingia ndani, alikuwa anaificha bantu. Mu katikati ya vita ile misuli inamuponyoka, na bakamera za televisheni ziko pale juu na helikopta, inchi muzima inaona. Unamaliza paje unaona shujaa wako ni mutu wa kukonda mwenye anatapika damu, na anabakia amesimama.

Kuhusu kidole: vita imeisha, anageukia kamera, ananyoosha kidole, anasema sasa ni zamu yako. Bantu bote mu barabara banapiga makelele ya furaha, banafikiri anatisha babaya benye bangali banajificha. Midoriya eko katikati ya ile foule, ye peke yake anajua ile neno ni ya kwake, na maana yake ni All Might anamuambia mi nimemaliza, sina kintu tena. Maneno moja, bantu elfu banacheka, mutoto mumoja analia. Leki yako hana makosa.

Mutu_ya_Kenya

Mimi naona munaipamba mingi. Manga ya Jump, ile gazeti ya Japani, inatokaka kila juma, kila juma lazima mutu apigwe ili msomaji arudie, ni biashara. Ile kitu ilianza 2014 ikaishia 2024, bitabu 42, munafikiri mu bile 42 ngumi ngapi zilikuwa na maana? Tena ule All For One anaongea kupita kiasi, mutu eko anapigana halafu anaanza kumuletea All Might hadisi ya familia, eti Shigaraki, ule kijana mwanafunzi wake, ni mujukuu wa mwalimu wako Nana Shimura. Katikati ya vita! Nani anaongeaka vile?

Kamalondo_Boy

@Mutu_ya_Kenya pale njo umepitisha kando. Ile hadisi njo silaha yake. Nana Shimura njo alifundisha All Might kucheka hata kama unaogopa. Sasa adui anajua ngumi hazitoshi, anamuambia kijana mwenye umekuwa unapigana naye ni damu ya mwalimu wako, na anamuuliza kicheko yako iko wapi. Angalia uso wa All Might pale, meno yake imefungika kabisa. Kisha mama mumoja mwenye amenaswa chini ya mawe anamuomba ashinde, na ye anarudia kucheka, nusu uso tu. Ondoa ile maneno, unabakia na moshi kweli.

fundi_wa_picha

Nachora matangazo ya maduka na picha za ukutani, nisemee upande wa mkono.

Kwanza yaya, uliisoma toka upande gani? Hata ikiwa ya Kifaransa, manga inaanzia kule sisi tunaona mwisho, na picha unazifuata toka kuume kwenda kushoto. Ukizisoma kwa njia yetu, mtu anaanguka kwanza halafu anapigwa, sishangai kama ulipotea. Na wenye kusoma ku telefone banapoteza mengi zaidi, juu picha zenye kushika paje mbili zinakatwa katikati, unaona mkono leo, uso unauona ukisha kusukuma kidole.

Horikoshi, mwenye kuchora, anapenda sana bede za Wamarekani, na All Might amechorwa kwa ile namna: vivuli vyeusi vizito, macho hayaonekani, mstari mnene. Wengine wote pembeni yake wamechorwa kwa namna ya Kijapani. Kwa hiyo akisimama kati ya watu unasikia ni mtu wa kitabu kingine. Akikonda, mistari inakuwa myembamba, inatetemeka. Hakuna mtu mwenye anakuambia kwa maneno kama nguvu inaisha, kalamu njo inakuambia.

Sasa angalieni mikono ya ule mwisho. Mwili mzima umekonda, mkono wa kuume peke yake ndio umevimba. Ngumi yake na ya adui zinakutana. Halafu ile nguvu inahama: wa kuume unakonda, wa kushoto unavimba, unampiga adui usoni. Adui anaona ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi, ilikuwa ya kumdanganya. Nguvu inarudia kuume na hapo anapiga ile ya mwisho, anaiita United States of Smash. Ngumi zake zingine zote alikuwa anaziita majina ya miji na majimbo ya Amerika, Detroit, Texas, hii moja akaita inchi nzima. Fuateni mkono wenye kuvimba picha kwa picha na mtaelewa vita bila kusoma neno hata moja.

Lakini nikubaliane na Mutu_ya_Kenya kidogo: si paje zote ziko safi. Kuna pahali vumbi na mistari ya mwendo imejaa mpaka sijui mguu ni wa nani. Mi ningepunguza.

mama_wa_batatu

Yaya wa Katuba, musinyanganye mutoto kitabu jamani. Batoto bangu banazisomaka, na mi nazisoma nyuma yao juu napenda kujua nini inaingia mu nyumba yangu. Ile nusu yenye unasema bantu banaongea tu, peleka ile kwa mama yenu, hata umusomee.

Kisha ya vita shule inataka banafunzi bote baingie internat, balale kule kule ku shule. All Might anaenda na mwili yake ya kukonda mu nyumba ya Midoriya kuongea na mama yake, Inko. Na ule mama anakatala! Anasema mi si mutu wa maana lakini nimeona mutoto wangu anarudia kila mara mikono imevunjika, siwapi tena. Mi nilimushangilia. Midoriya anamuonyesha barua ya katoto kamoja, Kota, kenye alikaokoa, kanamushukuru. All Might anapiga magoti, kichwa mpaka chini, mbele ya mama wa nyumbani mwenye hana jina mu muji. Mwisho mama anakubali lakini anamuwekea sharti: usikufe, uishi umulee. Ukiniuliza mimi, ule mama njo alishinda kitabu.

Na kuhusu kufundisha kupigana, kuko pale banafunzi batano banaenda kuokoa mwenzao Bakugo mwenye babaya balimuiba. Makubaliano yao ni moja: kupigana hapana. Midoriya anajua akimunyooshea Bakugo mukono hataikamata, juu ya kiburi yake, kwa hiyo anamuachia Kirishima, rafiki ya Bakugo, amuite. Kirishima anavunja ukuta, Todoroki anaweka barafu kama mulima, banapita juu ya vita yote, mukono mumoja unanyooshwa, Bakugo anaruka anaikamata. Mutoto wa 14 anaelewa ile sana, nani rafiki yake, nani atakubali mukono yake.

yaya_wa_Katuba

Aksanti sana bantu, mi kweli nilisomea upande ya kushoto 🙈 petit alinicheka mpaka akakaa chini. Ile ya mikono tumeifuata jana pamoja, picha kwa picha, kumbe ni kweli. Mama bado hajakubali, amesema atamusikiliza Inko siku ya mungu kisha ya misa. Sasa mutu anisaidie, kama nataka nimununulie zenye zinaitangulia, nianzie wapi bila kununua yote kumi?

fundi_wa_picha

9 na 10. Ndani ya 9 njo anaokoa Kota, ndani ya 10 njo wanaiba Bakugo.

mama_wa_batatu

Ya 9 iko kwangu, unaweza kuikopa, uniandikie inbox. Lakini asiifungue mpaka ivunjike mugongo, ya kwanza tulikopeshaka ilirudia mu vipande.