GPS imefungwa kwenye malori yote, mbona mafuta bado yanaisha?

Msafirishaji:
Wakuu, salaam. Nina malori manane ya mizigo na yote yamefungwa GPS. Naona kila gari lilipo, liliposimama na mwendo wake. Lakini matumizi ya mafuta hayajashuka hata kidogo, na madereva wanasema njia ina milima. Nibadilishe kampuni ya GPS?

Fundi Nyaya:
Mkuu, kampuni iache kwanza. GPS peke yake haijui lolote kuhusu tangi lako. Kifaa kinapokea mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, zilizo juu kilomita 20,200 hivi, kinapiga hesabu ya kilipo, kisha kinakutumia jibu kwa laini ya simu. Basi.

Mafuta yanasomwa na sensa, yaani kipimio kinachotumbukizwa ndani ya tangi. Boya la kiwandani linalosogeza mshale wa mafuta kwenye dashibodi lipo, ila linayumba kila gari likipanda mlima au likikata kona, na lita chache zikinyonywa huwezi kuziona katikati ya kuyumba huko.

Ukifunga sensa, simama hapo hapo tangi linapopimwa. Mafuta yatolewe yote, kisha yarudishwe lita 20 kwa 20, na kila mara namba ya sensa iandikwe. Kingo za tangi zimeviringwa, kwa hiyo sentimita moja ya chini haina lita sawa na sentimita moja ya katikati. Fundi anayefunga na kuondoka bila kufanya hivyo amekuachia namba za kubuni. Nimefungua matangi mengi ya namna hiyo na inaniuma, maana mwenye gari amelipa na dereva asiye na kosa anaitwa mwizi.

Pia tazama muda injini inaowaka gari likiwa limesimama. Lori kubwa la dizeli hula karibu lita 3 kwa saa bila kusogea. Waya wa swichi ya kuwashia injini usipounganishwa, kifaa hakitofautishi gari lililozimwa na linalounguruma.

Usukani:
Mimi ni dereva. Upepo wa breki ukishuka, lazima injini iwake mpaka ujae ndipo uondoke. Na foleni ya kushusha mzigo unasogea hatua moja moja. Bosi, uliza kabla ya kukata mshahara, na hizo ripoti tuonyeshe na sisi.

Msafirishaji:
Nimewaelewa, sensa sina hata moja. Na mtandao ukikosekana njiani, taarifa zinapotea?

Fundi Nyaya:
Hapana. Kifaa kizuri kinazihifadhi na kuzituma mtandao ukirudi. Tilia shaka pengo lisilojazwa baadaye: huenda waya umechomolewa na betri ya akiba imekufa. Hapo linganisha kilomita za dashibodi na za ramani.

Usukani kasema kweli, dereva anayeiona ripoti yake hubadilika bila kufokewa. Anza na lori moja, mwezi mzima, ukilinganisha risiti za kujazia mafuta na mchoro wa sensa unaoonyesha mafuta yakipanda na kushuka tangini. Visipolingana, tangi lipimwe upya kabla hujamgusa mtu.