Mdogo wangu yuko Winnipeg na baridi imemshinda. Nimsaidieje hadi theluji iyeyuke?

Mkazi wa Kasese
Ndugu zangu, poleni na kazi. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuishi kwenye baridi ya kweli.

Mdogo wangu wa kike, miaka 22, alienda Kanada Agosti iliyopita kusoma uuguzi. Yuko Winnipeg. Ukoo mzima ulichanga, mama akauza ng'ombe wawili. Theluji ya kwanza ilipoanguka Novemba alifurahi mno, akatutumia video anaishika kwa mikono mitupu huku akicheka. Sisi wa hapa magharibi mwa Uganda theluji tunaiona kwa mbali tu, asubuhi mawingu yakifunguka juu ya milima ya Rwenzori. Wazee wetu waliiita nzururu wakaiheshimu. Basi mama alipoiona mikononi mwa binti yake alitokwa na machozi.

Sasa ni Februari na mtoto amebadilika. Hawashi kamera. Nikimuuliza amekula nini ananijibu chai. Analala sana na bado anasema amechoka. Juzi aliniambia, "Kaka, huku hakuchi." Mimi kila siku namwambia avumilie, wenzake wanaitafuta nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Mama naye anasema arudi nyumbani.

Nampigia kila siku saa moja asubuhi kabla sijafungua duka. Majira ya machipuko yanaanza lini hasa? Wengine wanasema Machi. Na mtu aliye Kasese anaweza kumfanyia nini mtu aliye kule?

Mama Watatu, Busia
Mwambie asali sana na ajifunike vizuri. Kila jambo lina mwisho wake.

Niliyerudi, Ntinda
Kaka, niliishi mji huohuo miaka minne, nitakueleza kwa urefu.

Kwanza, huo wakati wako wa kupiga simu. Saa moja asubuhi ya Kasese ni saa nne usiku kwake, maana majira ya baridi tunawatangulia kwa saa tisa. Unampata amechoka, giza limeshaingia tangu jioni, na unaongeza neno "vumilia" juu yake. Hilo neno niliambiwa na kila ndugu yangu, na kila nikilisikia nilizidi kuficha hali yangu. Nilijiona msaliti wa waliochanga. Naomba uliache.

Pili, anaposema hakuchi hatii chumvi. Mwishoni mwa Desemba jua la Winnipeg huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Anaingia darasani alfajiri ya giza, anatoka giza limerudi. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta mwili umezoea saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima, tena hapo kwenu mstari wenyewe unapita Kikorongo. Hakuna aliyetufundisha kwamba mchana unaweza kupungua hivyo.

Halafu baridi yenyewe. Usiku wa Januari kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na zipo siku zinazofika 30. Magari hulazwa yamechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinakakamaa. Upepo ukivuma, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika chache, kwa hiyo mwambie zile video za mikono mitupu ziishe.

Kuhusu machipuko: kalenda inasema tarehe 20 Machi, ila usimpe tarehe hiyo kama ahadi. Mimi niliihesabu kama mtoto anavyohesabu Krismasi, ikafika na theluji ikaanguka mchana kutwa. Nililia jikoni. Winnipeg ardhi huanza kuonekana mwishoni mwa Machi au Aprili, na hata Aprili dhoruba inaweza kurudi. Kinachofika mapema ni mwanga. Katikati ya Februari mchana wake umeshafika urefu wa saa kumi hivi na unaongezeka zaidi ya dakika tatu kila siku. Wiki moja ni kama dakika ishirini na kitu! Siku ya tarehe 20 Machi mchana wake utakaribia kuwa sawa na wa Kasese, na baada ya hapo atawapita ninyi, hadi Juni awe na zaidi ya saa kumi na sita. Mngojeeni mwanga pamoja naye, msingoje joto.

Muuguzi wa Jinja
Nashukuru aliyetangulia. Naongeza upande wa afya.

Kaka, kulala sana, kuchoka, kujitenga na kupoteza hamu ya chakula kwa wiki nyingi si deko. Upo mfadhaiko unaokuja na majira ya baridi na kupungua machipuko yakifika. Daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliueleza mwaka 1984, na unatibika. Simwandikii dada ugonjwa kwa simu, ila asingoje theluji iyeyuke ndipo atafute msaada. Aende kwenye kliniki au kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chake. Wengi wetu tunadhani ushauri ni wa waliorukwa na akili, na mdogo wako huenda anaogopa hivyo hivyo.

Ipo taa maalumu yenye mwanga mkali wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Mtu hukaa mbele yake asubuhi nusu saa hivi, bila kuikodolea macho, huku anakunywa chai au anasoma. Inawasaidia wengi. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kwanza. Aulize pia kuhusu vitamini D, kwa sababu jua la kule wakati wa baridi ni dhaifu mno na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza.

Na muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Kanada wana namba 988, mtu anapiga au anaandika ujumbe saa yoyote, mchana na usiku. Awe nayo kwenye simu yake leo.

Mama Watatu, Busia
Nimesoma nikakaa kimya. Mwanangu wa pili yuko Ulaya kaskazini, nami humwambia vumilia kila siku. Nitampigia jioni hii.

Dereva wa Malaba
Samahani, arudi tu nyumbani kama mama alivyosema. Shule zipo hata hapa.

Niliyerudi, Ntinda
Kaka dereva, nakuelewa, lakini uamuzi wa kurudi usifanywe Februari. Mimi nilikata shauri la kurudi Februari ya kwanza. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mzee, akaniomba ningoje hadi Mei kisha niamue. Nilingoja, nikamaliza masomo. Ila kama hali ni mbaya, afya kwanza, ng'ombe watanunuliwa wengine.

Yule mama mwenye nyumba alinifundisha pia kutoka nje saa sita mchana, kila siku, hata dakika ishirini. Winnipeg ina siku nyingi za baridi zenye anga la buluu, na mwanga wa nje mchana unaushinda kwa mbali ule wa taa za nyumbani. Nguo za tabaka tatu, ya ndani isiwe pamba maana pamba hushika jasho, na glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja.

Machi atembee kama bata, hatua fupi. Theluji huyeyuka mchana, usiku inaganda kuwa kioo, na watu wanavunjika mikono.

Mwisho, mpe kitu cha kutazamia. Bata bukini hurudi kutoka kusini wakipiga kelele angani. Na kuna ua dogo la zambarau lenye manyoya kwenye shina, ua la mkoa wao wa Manitoba, ambalo huchanua Aprili nyasi zingine zikiwa bado zimekufa, wakati mwingine kando ya theluji. Nililiona mara ya kwanza nikapiga magoti kwenye matope.

Mkazi wa Kasese
Ahsanteni sana. Naomba niseme nilichofanya.

Jana nilimpigia saa kumi jioni yangu, kwake saa moja asubuhi. Mama alikuwa kando yangu anamenya matoke. Sikusema vumilia. Nilimwambia, "Nimekosa kukuuliza unaishije." Alinyamaza muda mrefu, kisha akalia, kisha akaeleza kila kitu. Nilimuuliza lile swali la muuguzi. Amesema hapana, ila alikuwa anaogopa kulala na kuogopa kuamka. Ameihifadhi namba. Amekubali kumwona mshauri Alhamisi, na nimemtumia pesa ya taa, nimeahirisha mabati ya duka.

Mama amemwomba amwambie kila siku jua limezama saa ngapi. Anaandika ukutani kwa chaki, karibu na pale anapoandika siku za mvua, maana na sisi tunaingoja mvua ya Machi tupande maharage. Leo ameandika kumi na moja na robo tatu.

Muuguzi wa Jinja
Mungu awabariki. Baada ya Alhamisi mpigie umuulize ameambiwa nini, asibaki nayo peke yake.

Niliyerudi, Ntinda
Moja tu nimesahau. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja. Asubuhi zake zitarudi gizani kwa muda, mwandae asishtuke akadhani mwanga umerudi nyuma. Na tofauti yenu itakuwa saa nane. Umpigie saa tisa alasiri.

Mkazi wa Kasese
Saa tisa. Mama ameshaiandika ukutani.