Naomba ushauri: usafi wetu wa kujitolea sasa umeingia posho

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wazee shikamooni. Niko Langoni, hapa Lamu. Ijumaa asubuhi huwa tunatoka majirani kadhaa na mafagio na mkokoteni, tukazoa kinyesi cha punda na kuzibua mifereji. Mnaoujua mji huu mnaelewa: vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, mizigo hubebwa na punda au hamali, na masika yakishuka mfereji ulioziba humwaga maji machafu hadi kwenye madaka, yaani vibaraza vya milangoni mwa watu. Tangu 2001 mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini orodha haifagii.

Hatuna jina wala mwenyekiti. Mama mmoja miguu yamuuma, hawezi kuinama. Yeye hutupikia kahawa ya tangawizi na mahamri, na wallahi bila yeye nusu yetu tusingeamka.

Sasa kuna mfadhili ataka kutupa posho na fulana, na tupigwe picha. Vijana wamefurahi, na siwalaumu, kazi ni haba. Wazee wasema posho ikikatika, na mafagio yatalala. Mimi naelekea upande wa wazee, ila vifaa twavihitaji kweli: glavu, mabuti, sepetu.

Je, kuna aliyewahi kupokea vifaa tu akakataa pesa bila kumvunjia mtu heshima? Alisemaje? Na tukikubali posho, yule mama wa kahawa naye atahesabiwa, au vipi?