Ripoti ya baba: machipukizi Bd3, lakini MLH1 imepotea. Tuielewe vipi?

BintiKilwa
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 58, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, wiki tano zilizopita. Ripoti ya patholojia inasema uvimbe umepita tabaka la misuli (T3), na tezi za limfu 17 zilizochunguzwa zote hazina saratani. Nilipofika hapo nilimshukuru Mungu, kisha mistari miwili ya mwisho ikanichanganya: mmoja unasema machipukizi ya uvimbe ni "Bd3", mwingine unasema protini za MLH1 na PMS2 "zimepotea". Daktari mmoja ametuambia la kwanza ni dalili mbaya, mwingine akasema la pili ni dalili nzuri. Baba ananiuliza kama atawekewa dripu za tiba ya kemikali, nami sina la kumjibu.

Mwanahadubini
Pole kwa kuuguza, dada. Madaktari wote wawili wamesema kweli. Machipukizi huonyesha jinsi saratani inavyopenya: kwenye ukingo wa uvimbe, seli moja moja au vikundi visivyozidi seli nne hujitenga na kuingia katika tishu jirani. Mara nyingi seli hizo zimepunguza E-kadherini, protini inayoshikanisha seli, huku protini nyingine, beta-katenini, ikiwa imehamia ndani ya kiini, ambako huamsha jeni za kusafiri na kuvunja tishu. Kwa makubaliano yaliyofikiwa Bern, Uswisi, mwaka 2016, huhesabiwa katika eneo la milimita za mraba 0.785 lenye machipukizi mengi zaidi, na yakifika 10 au kuzidi ndiyo Bd3. Hesabu hii inataka slaidi ya rangi ya kawaida na hadubini tu, kwa hiyo naona ingepaswa kuwemo katika kila ripoti.

MLH1 na PMS2 hufanya kazi kwa kushikamana kurekebisha makosa ya kunakili DNA, na MLH1 ikikosekana PMS2 nayo huporomoka, hivyo ulichosoma ni upotevu mmoja. Kwenye slaidi ya kipimo hiki, ambako rangi ya kahawia huonyesha protini ipo, utaona viini vya seli za kinga vikiwa vya kahawia, na katikati yake viini vya saratani vimebaki vya buluu. Uvimbe wa namna hiyo hulimbikiza makosa mengi ambayo kinga ya mwili huyatambua, ndiyo maana katika hatua ya pili, kama ya mzee, ugonjwa hurudi kwa wachache zaidi.

DaktariSaratani
Kuhusu dripu: wagonjwa wa hatua ya pili wenye upotevu huu hawajaonekana kufaidika na fluorourasili, dawa ya tiba ya kemikali, ikitolewa peke yake, na kwa T3 isiyo na tezi zilizoathirika wengi wetu hufuatilia tu kwa kipimo cha damu cha CEA (protini ambayo saratani hii huweza kuiongeza), picha za CT na kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo mpana). Machipukizi hayo yangenisumbua zaidi kama protini zote zingekuwepo. Hata hivyo, ulizeni kama utumbo ulikuwa umetoboka au kuziba, na kama seli zilionekana ndani ya mishipa, kabla ya kukata shauri.

Ombeni pia kipimo cha BRAF V600E, badiliko katika jeni ya BRAF ya uvimbe, kinachofanyika kwenye bloku ileile ya nta yenye kipande cha uvimbe iliyohifadhiwa maabara. Katika saratani iliyosambaa ambayo protini hizi zipo, badiliko hilo huashiria mwenendo mbaya. Kwa mzee lina kazi nyingine: likiwepo, upotevu wa MLH1 karibu kila mara si wa kurithi, lisipokuwepo, lazima tufikirie ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani. Je, kuna ndugu wengine waliougua saratani?

BintiKilwa
Asanteni sana. Shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, alifariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 46. Hatukuwahi kuyahusisha.

DaktariSaratani
Poleni sana. Hilo lina uzito, kwa sababu saratani ya mji wa mimba ni miongoni mwa zile zinazoletwa na Lynch. Mwelezeni daktari wenu habari hiyo wiki hii. Mzee apimwe kwanza jeni kwa damu, na badiliko likipatikana, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi. Atakayekutwa nalo kwenye MLH1 hufanyiwa kolonoskopi kuanzia kati ya miaka 20 na 25, kila baada ya mwaka 1 hadi 2, ili vivimbe viondolewe kabla havijawa saratani.