Naomba ushauri: nataka kuunda mashine ya mkanda wa msasa ya kuchongea visu, niko Kigoma

mwana_ujiji
Wakuu habari za muda huu. Mie ni fundi geti ila pembeni natengeneza visu vya springi bapa za gari, wateja wangu ni akina mama wa samaki pale Kibirizi na jamaa wa mashamba ya michikichi. Natumia grenda ya mkono na tupa, kazi inaenda ila bapa halinyooki, upande mmoja mnene mwingine mwembamba, na mikono inakufa ganzi. Nimeona video za watu wenye mashine ya mkanda wa msasa unaozunguka kwenye magurudumu, kisu kinatoka safi kabisa. Nina mota ya fezi moja hp 1, kibati kinasoma mizunguko 1400 kwa dakika, na skwea paipu zilizobaki kwenye kazi za watu. Nianzie wapi na magurudumu nayatoa wapi kwa huku kwetu? Msinitukane jamani.

chuma_moto
Mkuu kabla hujachomelea hata kipande kimoja, nenda katafute mkanda. Wengi wanaanza na mota, wanaishia na frem nzuri isiyokuwa na msasa wa kuvaa. Wamarekani karibu wote wanajenga kwa mkanda wa inchi 2 kwa 72, yaani mm 50 kwa 1830, kwa sababu kwao umejaa. Wewe huko ukibahatika utakuta mikanda mifupi ya mashine za mkono za maseremala, mm 75 kwa 533 au 100 kwa 610. Mifupi inapata moto haraka na inaisha haraka, ila ni bora kuliko kukaa kusubiri. Kama una mtu Dar wa kukutumia mirefu, nunua kwanza uishike mkononi, ndo upime frem.

mwana_ujiji
Na nikinunua msasa wa rola nikagundisha mwenyewe?

chuma_moto
Achana nayo kabisa. Kiungio kikifyatuka mkanda unaruka na wewe umeinamia hapo hapo.

Tana wa Tabora
Mdogo wangu mota hiyo inatosha kuanzia, asikutishe mtu. Piga hesabu: gurudumu la kwenye mota likiwa na kipenyo cha mm 100, zidisha 0.1 kwa 3.14 kwa 1400, unapata kama mita 440 kwa dakika, ndo mita 7 na kidogo kwa sekunde. Wenye mota za 2800 wanapata mara mbili ya hapo, chuma kinaliwa haraka kweli ila kwa mtu anayejifunza ncha inaungua kabla hajakohoa. Ukizoea chonga gurudumu la mm 150 utafika mita 11.

Magurudumu tafuta yeyote mwenye mashine ya kukerezea vyuma (leth), mpelekee aluminiamu. Sasa sikiliza hapa ndo pana siri: gurudumu la juu, lile la kuongozea mkanda, mwambie aliache na tumbo kidogo katikati, milimita moja tu inatosha, kwa sababu mkanda ukiwa unazunguka unapanda wenyewe kwenye sehemu yenye kipenyo kikubwa. Ukilichonga bapa tupu utashinda unakimbizana na mkanda. Gurudumu hilo likae kwenye bawaba na bolti ya kulilaza kushoto kulia, na mkono wake uvutwe na springi ngumu. Beringi chukua namba 6202 zenye raba pande zote, za wazi vumbi la chuma litazimaliza upesi. Na mkanda ushuke chini mbele yako, usipande.

Kidagaa
Mnamtia mtu gharama bure, kisu cha samaki tupa inatosha, kilaze kwenye ubao ukifunge vizuri utanyoosha bapa mpaka uchoke.

Tana wa Tabora
Ni kweli kabisa kwa mtu wa visu vitatu. Huyu ana oda.

dada_fundi_umeme
Kaka angalia na umeme wako. Jioni ukishuka mota ya fezi moja inaunguruma bila kuzunguka, zima hapo hapo, ukiiacha waindingi, zile nyaya za ndani, inaungua. Na eksteneshi nyembamba ya redio usiitumie. Halafu miwani na barakoa sio mapambo, glavu za kitambaa usivae, mkanda ukizikamata zinavuta na vidole. Ukimaliza kuchonga mpini wa mninga fagia lile vumbi la mbao kabla ya kurudi kwenye chuma, cheche zinaliwasha.

chuma_moto
Umenikumbusha, weka ndoo ya maji karibu. Kisu kilichokwisha pikwa, yaani kuchomwa moto na kuchovywa kiwe kigumu, kikigeuka bluu kwenye ncha, ugumu wa pale umeondoka. Shika bila glavu, ukiona kinakuchoma vidole chovya.

mwana_ujiji
Asanteni sana wakuu. Nimempigia jamaa Kariakoo aulizie bei ya mikanda ya 50 kwa 1830, akikosa nahamia kwenye ya maseremala. Frem naiacha kwanza.

mama_mawese
Mie ya mashine siyajui, ila wewe uliye Ujiji una kisu cha kupasulia migebuka ambacho mpini hauchomoki? Nahitaji viwili.